Kazi ya kijijini Uingereza bila gari: niliyojifunza kwenye stesheni ya Lapford

Tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza ilipoacha kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje, kazi hizi tunagombania sisi tuliokwisha kuingia. Mdhamini wa mmoja, yaani mwajiri anayemdhamini viza, amefutiwa leseni ya kudhamini, wa mwingine hana zamu za kutosha, basi mtu anasaka mwajiri mpya huku siku za viza zinakwenda. Nafasi zinazopatikana haraka nyingi ziko vijijini, mahali ambapo wenyeji wenyewe wanazikwepa. Mara kwa mara napigiwa simu: "Dada, nimepata sehemu, kijiji fulani, wanasema kuna stesheni. Nikubali?" Wanataka tujadili mshahara, wanataka tujadili chumba. Mimi nawauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza wakati wangu: treni ya kwanza ya Jumapili inapita hapo saa ngapi?

Nilikuja 2023. Wakala aliyenishughulikia alinieleza kwamba kazi iko Devon, kusini-magharibi ya Uingereza, kwamba nimetafutiwa chumba kijiji cha Lapford, na kwamba usafiri haunisumbui kwa kuwa stesheni ipo hapohapo. Nyumba ya wazee niliyopangiwa ilikuwa stesheni chache mbele kuelekea mji wa Barnstaple. Nikaridhika. Nimekulia Kilosa, mji wa reli ya kati, na kwangu mimi stesheni ilikuwa mahali penye msimamizi, dirisha la tiketi, akina mama wenye mihogo na ndizi, na watu wengi kiasi kwamba hata treni ikichelewa nusu siku, hukosi wa kumwuliza.

Stesheni ya Lapford ni jukwaa moja, kibanda cha kujikinga mvua, ubao wa ratiba, taa, na kitufe cha kuongea na mtu aliye mbali. Hakuna mfanyakazi hata mmoja. Iko bondeni, karibu na mto na barabara kuu ya A377, na kijiji chenyewe kiko juu kwenye mwinuko. Wenyeji wanapanda ule mlima bila kuhema. Mimi na begi langu, jioni ya kwanza, nililazimika kusimama njiani, na wakati huo sikuwa nimekutana na mtu yeyote tangu kushuka.

Hapo nataka usikie jambo kuhusu majina ya vituo, kwa sababu ramani ya simu haikwambii. Kituo kinachofuata kuelekea jiji la Exeter kinaitwa Morchard Road. Ukiambiwa kazi iko Morchard Bishop na stesheni ni Morchard Road, usidhani umefika. Kijiji kiko zaidi ya kilomita 3 kutoka hapo. Kampuni za reli za zamani zilikuwa na desturi ya kuongeza neno "Road" kwenye jina la stesheni iliyo kwenye njia ya kwendea mahali fulani, hata kama mahali penyewe ni mbali. Kituo cha King's Nympton, upande wa pili, hadi mwaka 1951 kiliitwa South Molton Road, na mji wa South Molton uko zaidi ya kilomita 12 kutoka kituoni. Basi ukiona jina la namna hiyo kwenye barua ya kazi, pima umbali kwa miguu, na uangalie kama barabara ina njia ya waenda kwa miguu. Vijijini Devon nyingi hazina. Pande zote mbili kuna kuta za udongo na majani marefu kuliko mtu, na gari likija huna pa kukimbilia zaidi ya kujibana ukutani.

Reli yenyewe inatoka Exeter hadi Barnstaple, kama kilomita 63, na wenyewe wanaiita Tarka Line. Sehemu ya kupita Lapford ilifunguliwa mwaka 1854. Zamani ilikuwa na njia mbili sehemu kubwa. Mwaka 1971 zikapunguzwa, na leo kutoka Crediton kwenda mbele ni njia moja. Nitarudi kwenye hilo, maana ndilo linaloamua kama utafika kazini kwa wakati.

Jambo la kwanza la kujifunza ni kwamba treni haisimami mpaka uisimamishe. Vituo vingi vidogo vya mstari huu ni vya kuomba. Unanyoosha mkono kama unavyosimamisha daladala, na dereva akikuona anapunguza mwendo. Hakuna aliyenieleza hilo. Nilimkuta mama mmoja wa makamo jukwaani asubuhi yangu ya kwanza, naye alipoisikia treni akatoka kibandani, akasogea mbele pale palipo wazi, akanyoosha mkono sawasawa na bega, akauacha hapo mpaka treni ilipoanza kupunguza mwendo. Ndipo akaushusha. Kila ninapomfundisha mtu namwonyesha hivyo hivyo alivyofanya yule mama: toka kibandani mapema, simama panapoonekana, mkono usiwe wa kupunga na kuacha, uwe umenyooka na umetulia.

Mwenzetu mmoja kutoka Mombasa alikaa kibandani akisubiri treni isimame yenyewe, kwa sababu kibanda kina benchi na mvua ilikuwa inanyesha. Treni ikapita. Dereva hakumwona mtu, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kusimama. Alipoteza saa nzima na zaidi, na akapokewa kazini kwa maneno makali. Alilia kwenye simu, si kwa sababu ya treni, bali kwa sababu aliona aibu kwa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Ndiyo maana naandika.

Usiku una taratibu zake. Desemba huku jua linazama saa 10 na dakika chache jioni na kuchomoza baada ya saa 2 asubuhi, kwa hiyo mtu wa zamu ndefu anaondoka gizani na kurudi gizani. Vaa kitu chenye kuakisi mwanga. Mimi nilinunua fulana ya njano ya mafundi wa barabara kwa pauni chache na ndiyo nguo iliyonisaidia kuliko koti la bei ghali. Simama chini ya taa ya jukwaa. Unaweza kushika simu kioo kikiwaka ili mkono uonekane, lakini usimmulike dereva machoni kwa tochi.

Kushuka nako ni kuomba. Ukipanda Exeter kurudi kijijini, mwambie kondakta unashuka wapi mara tu anapopita, usisubiri mpaka uone nyumba unazozijua. Ukiwa umechoka na zamu na unaogopa kusinzia, mwambie pia hilo. Wengi wao ni waungwana, watakuamsha. Ukipita kituo chako usiku, kinachofuata kinaweza kuwa jukwaa jingine tupu lenye giza zaidi, na treni ya kurudi isiwepo.

Tena usiangalie ratiba ya mstari kwa ujumla ukadhani ndiyo ya kituo chako. Si kila treni husimama kila kituo kidogo. Vituo kama Crediton na Eggesford hupata treni nyingi. Portsmouth Arms hupata chache sana. Soma safu ya kituo chako, mstari kwa mstari, na soma ukurasa wa Jumamosi na wa Jumapili peke yake. Ratiba hubadilika mara mbili kwa mwaka, Mei na Desemba, na badiliko la dakika 20 linaweza kukuvunjia zamu nzima.

Sasa nirudi kwenye njia moja. Nyumba ya wazee niliyokuwa nafanya kazi tulikuwa na mzee aliyewahi kufanya kazi reli ujanani. Alikuwa haongei sana na wahudumu. Siku moja nikamlalamikia, wakati namsaidia kuvaa, kwamba siku yangu ya mapumziko, nikiwa Lapford, treni ya kwenda Exeter ilinichelewesha tena wakati simu ilikuwa inasema iko sawa. Akaniuliza: "Ya kwenda Barnstaple ilikuwa imeshapita?" Nikasema hapana. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaniomba kalamu, akachora nyuma ya menyu ya chakula.

Alichochora ni hiki. Kati ya Crediton, upande wa Exeter, na Eggesford, upande wa Barnstaple, kuna njia moja tu, na Lapford iko katikati yake. Treni mbili haziwezi kuwa kwenye kipande hicho kwa wakati mmoja. Zinapishana Eggesford, ambako njia inagawanyika kuwa mbili kwa urefu wa kituo. Ili dereva aruhusiwe kuingia kwenye kipande, lazima awe na kitu mkononi kinachoitwa tokeni, na mashine zimefungamanishwa hivi kwamba tokeni ya kipande kimoja haitoki mpaka iliyotoka kabla irudishwe. Dereva anashuka mwenyewe Eggesford, anakwenda kwenye kibanda kidogo, anarudisha ya kipande alichomaliza na kuchukua ya kipande kinachofuata. Ukikaa upande wa dirisha utamwona akitembea nayo kurudi kwenye treni.

Kwa hiyo ukiwa Lapford unasubiri kwenda Exeter, na treni hizo mbili zimepangwa kupishana Eggesford, tazama kwanza ya kwenda Barnstaple. Kama haijapita mbele yako, yako haijaondoka Eggesford, haiwezi kuondoka, hata simu iseme nini. Ikishapita, zinabaki dakika za kufika Eggesford, kubadilishana tokeni na kukurudia. Tangu siku hiyo niliacha kuitazama simu kila dakika. Nikiona ya Barnstaple imechelewa, hapohapo naandika ujumbe kazini kwamba nitachelewa na kwa kiasi gani, kabla msimamizi hajaanza kuuliza. Hilo peke yake lilinibadilishia sura yangu kazini. Na yule mzee naye, kila nilipoingia zamu, alikuwa ananiuliza habari za treni, nami nikawa nampelekea. Alikuwa na kitu cha kufundisha na mtu wa kumfundisha.

Jumapili, sasa. Nyumba za wazee hazifungi. Zamu ya asubuhi huanza saa 1 au saa 2, siku zote saba. Reli ya kijijini Jumapili huamka kwa kuchelewa na treni zake ni chache. Siku za kazi niliwahi. Jumapili haikuwezekana kabisa kufika saa ya zamu kwa treni, si kwa kuchelewa kidogo, ni saa nzima na zaidi. Niliposema hilo, jibu nililopata ni kwamba usafiri ni jukumu la mfanyakazi na mkataba nimesaini. Mkataba ulisema zamu ni siku yoyote kati ya saba. Ratiba ya treni ilikuwa imebandikwa wazi kwa yeyote kuisoma, mwajiri na wakala wakiwemo.

Jumapili zile za mwanzo nilichukua teksi. Kutoka Exeter hadi kijijini nimewahi kulipa zaidi ya pauni 50. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, kwa hiyo safari kama hiyo inameza zaidi ya saa nne za kazi kabla ya kodi. Kwa umbali mfupi niliokuwa nakwenda bei ilikuwa chini ya hapo, lakini dereva huyohuyo lazima aagizwe siku moja kabla, na akipata abiria wa uwanja wa ndege anakuacha. Kuna Jumapili nilikuwa nafanya kazi nikijua kabisa kwamba asubuhi yote nimeifanyia teksi. Nyumbani wanakusubiri, wewe uko huko unamwogesha mzee wa watu na kichwani unapiga hesabu. Ilinikalia vibaya sana, na nilikaa muda mrefu bila kumwambia mtu.

Kilichonitoa ni kwenda na karatasi. Nilichapisha ukurasa wa Jumapili, nikazungushia duara treni ya kwanza, nikaandika pembeni mapendekezo matatu: nianze zamu ya Jumapili baadaye na kumalizia jioni, au nibadilishane Jumapili na Jumamosi na mwenzangu mwenye gari, au nikimaliza zamu ya Jumamosi nipewe chumba cha kulala pale. Msimamizi mpya alikuwa ameingia. Akakubali la pili. Mwenzangu yule, Mwingereza, hakuwa hata anajua kwamba Jumapili hakuna treni za mapema. Ana gari, hajawahi kuhitaji kujua. Baadaye tukawa tunachangiana petroli kwa siku nyingine pia. Sema mapema, sema kwa maandishi, na peleka ufumbuzi pamoja na tatizo. Msimamizi ana pengo la kuziba na anachotaka ni jina la kuweka hapo.

Na Krismasi usiisahau. Tarehe 25 Desemba treni karibu zote Uingereza hazitembei kabisa, na tarehe 26 zinazotembea ni chache mno. Zamu za siku hizo zinapangwa Novemba. Panga wapi utalala kabla orodha haijatoka.

Kuhusu hela za tiketi nitakwenda haraka. Panapokosekana mahali pa kununulia tiketi, unaruhusiwa kulipa kwa kondakta ndani ya treni, na asipokufikia, lipa unaposhuka. Ukifika geti la Exeter sema tu umepandia wapi. Usije ukafanya hivyo stesheni yenye mashine au dirisha, maana tangu Januari 2023 faini ni pauni 100 juu ya nauli, inayopungua kuwa 50 ukilipa ndani ya siku 21. Ukinunua kwa simu, pakua tiketi ukiwa nyumbani, kwa kuwa mtandao bondeni ni wa kubahatisha. Kadi za punguzo hupunguza theluthi moja ya nauli. Ile ya umri wa 26 hadi 30 ni pauni 35 kwa mwaka, ila kati ya saa 10:30 alfajiri na saa 4 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, kuna kima cha chini cha nauli cha pauni 12, na kwa safari fupi za kijijini hicho kinaua faida yote. Wakazi wa Devon na Cornwall tuna kadi yetu. Iulizie, na soma masharti yake ya saa kabla hujalipa. Ipo pia tiketi ya siku 8 ndani ya siku 28, iliyotengenezwa kwa watu wasiosafiri kila siku. Kwa sisi wa zamu ndefu za saa 12 inaweza kufaa au isifae, inategemea umepangiwa zamu ngapi. Kaa na orodha ya mwezi mzima upige hesabu. Treni ikichelewa dakika 15 au zaidi, dai fidia ndani ya siku 28. Watu wengi wetu hawadai, wanaona kama ni kujiletea matatizo na viza. Haina uhusiano wowote na viza. Ni haki ya abiria.

Jingine ambalo wengi hawalijui: treni ya mwisho ikifutwa ukakwama, kampuni ya treni inatakiwa, pale inapowezekana, ikufikishe kwa njia nyingine au ikupatie mahali pa kulala. Bonyeza kitufe cha msaada jukwaani, au ukiwa Exeter mwendee mfanyakazi, kabla hujaita teksi kwa pesa zako. Devon kuna mafuriko. Eneo la Cowley Bridge, pale reli yetu inapoachana na njia kuu nje ya Exeter, mwishoni mwa 2012 lilifunikwa na maji na njia zikafungwa. Sikuwepo, ila wenyeji bado wanalitaja kila mvua inaponyesha siku kadhaa mfululizo. Siku za namna hiyo huletwa mabasi badala ya treni, na basi halifiki lazima jukwaani. Uliza linasimama wapi, na ondoka nyumbani mapema zaidi.

Watu wananiambia: si upate gari tu? Sikiliza utaratibu. Leseni ya Tanzania au ya Kenya unaendeshea miezi 12 tangu uwe mkazi, basi. Baada ya hapo haibadilishwi dirishani, unaanza upya: leseni ya muda, mtihani wa nadharia wa pauni 23, mtihani wa barabarani wa pauni 62 siku za kazi, na foleni ya kupata tarehe ni ya miezi. Bado masomo, bado bima, ambayo kwa dereva mgeni ni kubwa. Kama unajua utabaki kijijini, omba tarehe ya mtihani katika wiki zako za kwanza, ungali unaruhusiwa kuendesha. Mimi bado nategemea treni zaidi, na nimeamua kuipenda.

Nasema kuipenda kwa sababu nimejua ilivyo bahati kuwa ipo. Mwaka 1963 ilitoka ripoti ya Dakta Beeching, mkuu wa shirika la reli wakati huo, iliyopendekeza kufungwa stesheni 2,363 nchi nzima na maili 5,000 hivi za reli. Vijiji vingi vilivyopoteza treni wakati ule havijaipata tena. Jirani zetu wa Okehampton walikosa treni ya kila siku tangu 1972 hadi Novemba 2021, karibu miaka 50. Kwa hiyo ninaponunua tiketi nasema Lapford, hata kama kondakta ananijia tumeshapita Crediton. Idadi ya abiria wa kila stesheni hukadiriwa kila mwaka kwa kutumia tiketi zinazouzwa, na mtu mmoja mwenye zamu nne kwa wiki anaonekana kwenye hesabu ya kituo kidogo zaidi ya anavyofikiri.

Na stesheni ndiyo iliyonipa watu. Mjini unapanda na wageni. Hapa wanaosubiri asubuhi ni walewale. Wiki za kwanza walinitikisia kichwa tu. Niliumia, nikidhani ni rangi yangu. Kwa baadhi pengine ilikuwa hivyo, sitamdanganya mtu. Kwa wengi ilikuwa ni hali yao, hata wao kwa wao hawaongei kabla ya kuzoeana. Nikaanza mimi: habari za asubuhi, baridi leo, ya Barnstaple imepita? Swali hilo la mwisho lilifungua midomo, kwa kuwa kila mtu pale ana maoni kuhusu treni. Yule mama wa asubuhi ya kwanza ndiye siku hizi ananiletea jamu zake za chupa na kunichukulia vifurushi vyangu nikiwa zamuni.

Bibi mmoja tuliyekuwa tunamtunza alifanya kazi akiwa msichana mdogo kwenye kiwanda cha maziwa kilichokuwa karibu na stesheni ya Lapford. Ni Ambrosia, wale wa kastadi na wali wa maziwa wa kopo ambao kila nyumba ya wazee nchini humu inao. Kampuni ilianzia hapa mwaka 1917, na kiwanda cha hapa hakipo tena. Bibi alikuwa hakumbuki jina langu wala siku, lakini alikumbuka harufu ya maziwa yakichemka na treni za asubuhi. Nikimpa kijiko cha kastadi na kumwambia nimetoka Lapford leo, kwa treni, anakula sahani yote. Wenzangu walikuwa hawaelewi kwa nini nikimlisha mimi anakula na wakimlisha wao hali. Niliwaeleza, nao wakaanza kumwambia wametoka Lapford.

Kwa aliye na ofa ya kijijini mkononi leo: kabla hujasaini, mwombe mwajiri aandike jina la stesheni na saa za zamu zako kwenye barua pepe moja. Fungua ratiba, tafuta treni ya kwanza ya Jumapili na ya mwisho ya Jumamosi kwa kituo hicho hasa. Zisipolingana, mwulize kwa maandishi utafikaje, na anayelipia ni nani. Muulize kama kuna chumba cha kulala kazini na kama wafanyakazi wenye magari wako zamu yako. Ukihamia, siku yako ya kwanza ya mapumziko nenda stesheni mchana kweupe, simamisha treni, shuka kituo kinachofuata, kisha simamisha nyingine urudi, kabla hujahitaji kufanya hivyo gizani, kwenye mvua, ukiwa na zamu inayokusubiri.